Dhambi ya Mama Niliyoiungama Mimi

Siku tuliyomzika Shangazi Wakesho ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na mama mmoja nisiyemfahamu, alipoona natetemeka, akanifunika leso yake mabegani. Ilikuwa leso ya jikoni, ile iliyokaa juu ya moshi wa kuni na kufutia watoto maziwa hadi harufu haitoki tena, uifue mara ngapi. Harufu hiyo ilinipata kabla padre hajamaliza kubariki kaburi. Niliondoka polepole, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikalia kilio kisicho na adabu, cha mdomo wazi na makamasi. Nilisikia watu wakisema huyu alimpenda sana shangazi yake. Nilimpenda, sikatai. Lakini kilio kile hakikuwa cha mapenzi peke yake, na sasa nimefika umri ambao mtu anaweza kuyasema mambo haya bila kuogopa kuchapwa.

Wewe uliyekulia kigangoni miaka ile utanielewa upesi. Kigango chetu kilikuwa milimani juu ya Voi, kanisa dogo la mawe lenye sakafu ya udongo, na padre alikuja mara moja tu kwa mwezi. Alikuwa mzungu mrefu mwenye pikipiki, na Kiswahili chake tulikifuata kwa shida kama yeye alivyokifuata chetu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa katekista, Mwalimu Klementi. Yeye ndiye aliyesalisha Jumapili, yeye ndiye aliyezika, na yeye ndiye aliyetufundisha sisi watoto wa komunyo ya kwanza, kila Jumanne na Alhamisi baada ya shule.

Nilimpenda Mwalimu Klementi kwa namna ambayo sikuwahi kumpenda mwalimu mwingine. Baba yangu alifanya kazi reli. Alilala mtaa wa Kaloleni kule chini Voi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, akiwa na mkate, kitambaa cha mama na uchovu. Sauti ya mwanamume niliyoisikia katikati ya wiki ilikuwa ya Mwalimu. Alitujua kwa majina, na majina ya mbuzi wetu pia. Mtoto akikosea jibu hakumpiga, alimwambia, "Rudi nalo nyumbani, lala nalo, kesho litakuwa tamu." Alituchongea penseli kwa kisu chake mwenyewe. Nilikuwa na miaka minane, na kama angeniambia nivuke bonde kwa mguu mmoja ningevuka.

Siku aliyotufundisha habari ya siri ya maungamo, sikulala vizuri. Alitueleza kwamba ukishamwambia padre dhambi yako, padre anaifunga moyoni kama mtu anavyofunga mlango na kuumeza ufunguo. Hata polisi waje, hata wamtishie bunduki, padre hawezi kusema. Afadhali afe. Sisi tulitazamana. Kwetu hakukuwa na kitu kilichofichika. Ukivunja chungu asubuhi, mchana mlima wa pili wanajua kilikuwa cha nani na kilikuwa na nini ndani. Kusikia kwamba kuna mahali duniani ambapo neno likiingia halitoki, hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko habari zote za mbinguni.

Kisha akaja kwenye orodha ya dhambi. Nyingi zilikuwa za kawaida, kutukana, kuiba sukari, kukataa kutumwa, kusinzia kanisani. Alipofika kwenye mambo ya mila alibadilisha sauti. Kwenda kwa mganga ni dhambi. Kuvaa hirizi ni dhambi. Na kutasa, akasema, kutasa nako ni kuabudu mizimu, na Mkristo anayefanyiwa kutasa ameupa mgongo ubatizo wake.



Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, kutasa ni hivi. Watu wa milimani waliamini kwamba hasira ya mzee wa damu yako ni ugonjwa. Mama, baba, nyanya, akiweka neno moyoni juu yako, hata asiposema, hata asipotaka, hasira ile inakutafuta wewe au mtoto wako. Mtoto haongezeki, mbuzi wanatupa mimba, mahindi yanakauka upande mmoja wa shamba. Dawa yake ni huyo mzee mwenyewe kuitoa. Anachukua kinywaji cha miwa mdomoni, anakipuliza nje kama manyunyu, na kwa maneno yake anaiambia hasira iende. Basi. Hakuna damu, hakuna ngoma.

Na mimi nilikuwa nimeiona wiki tatu tu kabla ya somo hilo.

Mdogo wangu Mghoi alikuwa na miezi saba, na alikuwa anakauka. Hospitali ya Voi walimpa dawa ya maji, akaitapika. Walimpa nyingine, akaitapika pia. Mama alikuwa amempa jina la mama yake mzazi, wakati kwa haki zamu ilikuwa ya Nyanya, mama yake baba. Nyanya hakugomba. Aliacha tu kuja kwetu. Shangazi Wakesho, dada yake baba, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito chetu, ndiye aliyeona. Alikuja asubuhi moja akamwangalia Mghoi, akamwambia mama, "Wifi, hizo dawa utazimaliza zote. Mama yetu ana neno moyoni. Twende akalitoe."

Mama alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Rozari yake ilikuwa imelainika kwa kushikwa. Nilimwona akimwangalia mtoto, kisha akiangalia mlango, kisha akisema, "Nikijulikana je?"

"Utajulikana na nani? Ni mimi na wewe na mama."

Mimi hawakunihesabu, maana nilikuwa nimembeba Mghoi mgongoni na mbeba mtoto ni kama sehemu ya mtoto. Tulikwenda kwa Nyanya. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kibuyu kando yake, kama mtu aliyekuwa akitungoja tangu juzi. Mama alipiga magoti. Hakuna aliyemwambia apige magoti. Nyanya alichukua funda, akalipuliza, akasema kwa Kidawida, lugha yetu, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya, "Kama niliweka neno, neno litoke. Mtoto anyonye. Mtoto alale. Nyumba ipoe." Akarudia mara nne. Matone yaliniangukia usoni, nikalamba moja. Lilikuwa tamu na chachu. Nyanya alimshika mama mkono akamwinua, wakacheka wote wawili huku wanalia, na Shangazi akapiga makofi taratibu kama anayemfurahisha mtoto mchanga. Sijawahi kuona watu watatu wakipendana vile. Wiki ile ile Mghoi akaanza kunyonya kwa fujo.

Sasa Mwalimu Klementi ananiambia hiyo ilikuwa kuabudu mizimu, na mama yangu yuko njia ya motoni. Na mimi niliyelamba tone, si nilikuwa nimeshiriki?

Hapa ndipo akili yangu ya miaka minane ilipofanya hesabu zake. Nilijua mama hangeungama. Nilimwona akienda kupokea komunyo mwezi ule padre alipokuja, na nilimwona ametulia. Nikaamua nitaiungama mimi kwa niaba yake. Nilidhani dhambi ni kama maji ya nyumbani, yeyote mwenye nguvu anaweza kwenda kuyateka na nyumba nzima ikanywa. Nitasema dhambi ya mama na yangu, padre ataisafisha, ataimeza pamoja na ufunguo, na mama ataokoka bila hata kujua. Nilijiona mjanja. Nilijiona, tuseme ukweli, kama mtakatifu mdogo.

Jumanne iliyofuata sikwenda mafundisho. Mama alikuwa shambani na nilibaki na Mghoi. Siku hiyo Mwalimu aliwaeleza wenzangu kwamba Alhamisi watafanya mazoezi ya kuungama, yeye akikaa mahali pa padre, kila mtoto aje na dhambi za kubuni mbili tatu, ili siku padre atakapokuja tusimwaibishe kwa kusahau maneno. Hakuna mwenzangu aliyekumbuka kuniambia. Watoto hawaelezani mambo kama hayo.

Alhamisi nilipofika nikakuta leso imetundikwa kwenye kamba kando ya altare, na wenzangu wamepanga foleni kimya. Ilikuwa leso ya mke wa Mwalimu, ya jikoni. Mwalimu alikuwa nyuma yake, ameketi kwenye kiti cha padre, amevaa kanzu nyeupe, na shingoni ameweka utepe wa kitambaa cha zambarau ili tuzoee. Nilimuuliza aliyekuwa mbele yangu, "Ni leo?" Akasema, "Ni leo." Hakunidanganya. Nilidhani padre ameugua na kumpa Mwalimu ruhusa, maana Mwalimu alifanya kila kitu kingine.

Nilipiga magoti. Leso ilikuwa karibu na pua yangu, moshi na maziwa. Nilifanya ishara ya msalaba, nikasema maneno ya mwanzo bila kukosea, na nikasema yote. Nilisema kwa Nyanya. Nilisema kibuyu. Nilisema mama alipiga magoti na mimi nikalamba. Nilisema naomba dhambi ya mama iondolewe pamoja na yangu, na nilikuwa nalia kiasi kwamba leso ilinishika mdomoni.

 Kisha Mwalimu akauliza, kwa ile sauti yake ya upole, "Lini hiyo?"

Nikamwambia.

"Na nani mwingine alikuwepo?"

Nikamwambia.

"Umefanya vizuri kusema," akasema. "Sali Salamu Maria tatu. Nenda kwa amani."

Nimeyarudia maneno hayo maisha yangu yote. Alijua. Mtoto anayefanya mazoezi halii hivyo. Angeweza kuinua leso na kuniambia, mwanangu, haya si ya kweli, nyamaza, ungoje padre. Badala yake aliniuliza lini na nani, akanipa malipizi, nami nikayasali mbele ya Bikira Maria, nikatoka nje mwepesi. Nilikimbia mteremko mzima hadi nyumbani. Jioni hiyo nilimwangalia mama akipika ugali na kumhurumia, jinsi alivyokuwa hajui kwamba ameokoka.

Jumapili, baada ya ibada, Mwalimu alisimama na matangazo. Alisema parokia imepata habari za mama mmoja kati yetu, kiongozi, aliyempeleka mtoto wake kufanyiwa kutasa. Akamtaja. Alisema amezungumza na padre kule Voi na wazee wa kanisa, na kwamba mama huyo ataacha uenyekiti, hatapokea komunyo mpaka Krismasi, ataketi benchi ya nyuma, na kila Ijumaa atafagia kanisa kama malipizi yake. Alisema kanisa ni mama mwenye huruma.

Mama alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alitembea kutoka benchi ya mbele, alipokaa miaka yote, mpaka ile ya nyuma karibu na mlango, walipokaa wanaume wenye wake wawili na wasichana waliozaa nyumbani. Walisogea wakampa nafasi. Mimi nilikuwa na watoto wa komunyo kule mbele. Nilimtazama Mwalimu nikingoja anitazame, aniambie kwa macho kwamba ni makosa, kwamba habari imetoka kwingine. Hakunitazama. Alikuwa anakunja karatasi yake.

Hapo ndipo nilipomuuliza aliyekaa karibu nami kama katekista anaruhusiwa kusema. Akanishangaa. "Kwani hukujua? Ile ilikuwa mazoezi tu."

Huwezi kujua hasira ya mtoto ni kitu gani mpaka ikushike ukiwa huna mahali pa kuipeleka. Nilikuwa na hasira na Mwalimu mpaka masikio yakaziba. Lakini kabla sijafika mlangoni hasira ile ikageuka kuwa woga, kwa sababu nje, kwenye njia, mama alikuwa amesimama mbele ya Shangazi Wakesho.

"Wifi," mama alisema, "umenivua nguo mbele ya watu."

"Mimi?" Shangazi alishika kifua. "Mimi ndiye nilikupeleka. Nitakwenda kusema nini, na mimi nilikuwa ndani?"

"Tulikuwa watatu. Mama yenu haji kanisani wala hazungumzi na hao. Amebaki nani?"

"Wifi, naapa kwa mtoto huyu."

"Mtoto huyu usimwapie. Usimshike tena."

Watu walipita wakijifanya hawasikii. Shangazi aligeuka, na macho yake yakanipitia. Hayakusimama juu yangu, yalinipitia tu, kama mtu anayehesabu vitu vilivyomo chumbani. Kisha akafunga leso yake vizuri na kuteremka kwenda kwake. Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na miguu. Neno lilikuwa moja tu, "Ni mimi," na sikulisema.

Wiki mbili baadaye padre akaja, na Jumamosi nikapiga magoti kwenye maungamo ya kweli. Mahali ambapo siri haitoki, pale pale nilipopatamani. Nilimwambia padre niliiba sukari. Sikuwa nimeiba sukari maishani mwangu. Nikamwambia nilimtukana mwenzangu. Sikumtukana mtu. Akaniondolea dhambi hizo kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akanipa Salamu Maria tatu, zile zile. Kwenye mazoezi nilisema kweli yote, na kwenye sakramenti nilisema uongo mtupu, na mpaka leo sijui Mungu aliandika nini siku hiyo.

Kesho yake nikapokea komunyo ya kwanza. Gauni langu lilikuwa jeupe, mama alilishona kwa mkono tangu miezi miwili nyuma, na shingoni alikuwa ameliwekea ua dogo la uzi. Nilipogeuka kutoka altare, kila mtoto alikuwa na mama wa kumtazama karibu. Mimi ilinibidi nitafute mpaka mlangoni. Alikuwa amesimama ili anione vizuri, Mghoi mgongoni. Alinitabasamia. 

Siku za Ijumaa nilikwenda na mama kufagia kanisa. Mimi niliteka maji kijitoni na kunyunyiza sakafu ili vumbi lisipande, yeye akafagia akiwa ameinama, kutoka altare kuja mlangoni, benchi kwa benchi. Hakuniangalia. Hakuniimbia kama alivyoniimbia shambani. Nilifikiri ni aibu. Kila Ijumaa nilijiambia leo nitamwambia, tukifika benchi ya tano nitamwambia, na benchi ya tano ilipita, na ya nane, na tukafunga mlango. Mwalimu Klementi alipita mara moja tukiwa pale. Alisema, "Mungu awabariki kwa kazi," na mama akajibu, "Amina, Mwalimu." Nilimwaga maji yaliyobaki miguuni pake. Aliruka kando, akacheka, akasema watoto wana mchezo. Haikuwa mchezo.

Siku moja kijitoni nilimkuta Shangazi Wakesho akijaza mtungi wake. Tangu ile Jumapili hatukuwa na ruhusa ya kwenda kwake. Alinisaidia kujitwisha, na kabla hajaondoa mikono yake kwenye ndoo yangu akaniuliza, polepole, "Uko na neno la kuniambia?"

Nikasema hapana.

"Haya," akasema. "Siku ukiwa nalo, njia ya kwangu unaijua."

Njia ya kwake. Ilikuwa hatua mia mbili labda. Nilikua, nikaenda shule ya bweni, nikaajiriwa, nikaolewa, nikazaa, nikawa nyanya mimi mwenyewe, na njia hiyo sikuipita na lile neno hata siku moja. Nilimpelekea sukari. Nilimpelekea sweta. Alipoumwa miguu nililipia gari la kumteremsha hospitali. Alipokea kila kitu na kushukuru, na hakuniuliza tena.

Krismasi ya mwaka ule ule padre alimwita mama mbele ya watu wote, akamwekea mkono kichwani, akamrudisha benchi yake ya mbele, na kina mama wakampigia vigelegele. Watu walisema ni siku nzuri sana ya upatanisho. Padre hakuuliza kama kuna mtu mwingine wa kupatana naye. Pengine hakujua, pengine haikuwa kazi yake. Shangazi alikuwa benchi ya nne, anapiga makofi na wengine. Mama alipita kando yake kurudi mahali pake, nguo zao zikagusana, basi. Tangu hapo wale wanawake wawili waliishi ng'ambo na ng'ambo ya kijito kimoja mpaka uzee, kila mmoja akijua moshi wa mwenzake unapoanza kutoka asubuhi, bila kusalimiana.

Kwa hiyo siku tatu baada ya mazishi, nilipobaki peke yangu na mama, nilimwambia. Ana zaidi ya miaka themanini sasa, macho yamefifia lakini mikono bado ina kazi. Tulikuwa tumekaa nje tunachambua mboga. Nilianza na leso iliyotundikwa kanisani, nikaja mpaka mwisho, na sikujitetea popote. Nilimwambia, "Mama, Shangazi hakusema chochote. Ni mimi niliyesema. Nimekuacha umchukie bure maisha yote, na sasa amekufa." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilijiandaa anifukuze.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Najua."

Nilidhani hajasikia vizuri. "Unajua nini?"

"Mwalimu alipita hapa Ijumaa ile, kesho yake ya mazoezi yenu, kabla hajashuka Voi. Alinieleza ulivyokuja kulia kwake. Ati nisikuchape, una moyo safi. Ati nikushukuru."

"Kwa hivyo ile Jumapili, pale njiani..."

"Nilikuwa najua."

Niliuliza kwa nini, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya yule mtoto wa miaka minane. Mama aliweka kisu chini. Alinieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Nilikuwa na hasira kali na wewe. Na ni mimi niliyekuzaa. Wewe unajua hasira ya mama inafanya nini kwa mtoto. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemtoa Mghoi kaburini, nirudi nikutie wewe? Ilibidi niipeleke mahali. Wifi si damu yangu, haingemdhuru. Na alikuwa mtu mzima, angebeba."

"Miaka yote hiyo abebe?"

"Mwanzoni nilisema ni mpaka Krismasi. Halafu ikazoeleka."

"Na mimi? Mbona hukuniambia unajua? Mama, mimi nimelala na jambo hili tangu nikiwa mtoto."

Alifikiri. Nasema haya kwa haki yake, alifikiri kweli. "Nilikuwa nakungoja uniambie wewe," akasema. "Nilitaka nione kama utasema."

Nilimuuliza kama Shangazi aliwahi kuja kutafuta amani. Akasema alikuja mara mbili, mara ya mwisho akiwa tayari anatembelea fimbo. "Nilimwambia nina wageni." Nikamuuliza kama hilo aliwahi kuliungama, maana anaungama kila mwezi bila kukosa mpaka leo, padre anamfuata nyumbani. Alishangaa swali langu. "Niungame nini? Nilikuwa naokoa mtoto."

Mwalimu Klementi alikufa zamani, akazikwa kwa heshima, na yeye nimemsamehe, nadhani, kwa sababu kumsamehe hakunigharimu kitu. Alikuwa mjinga mwenye bidii, na dunia inao wengi. Mama ndiye nimeshindwa. Namwogesha, namkata kucha, namsomea sala za jioni kwa sauti kwa kuwa hawezi tena kuona herufi. Akiniita naitika kwa adabu. Ndani yangu nina hasira naye, kubwa, na ya kila siku. Milimani kwetu hasira inayoua ni ile ya mzazi kwa mtoto tu. Ya mtoto kwa mzazi haina nguvu yoyote, haimgusi mtu. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na mimi sijaona sababu ya kuitoa.